Tenga Taka Mbichi Kwanza

Naendesha hoteli ya chakula Kisauni, Mombasa, na pia ni mweka hazina wa kikundi cha vijana na akina mama wanaokusanya chupa na makaratasi. Kwa hiyo kanuni za taka zikibadilika zinanigusa mara mbili: hotelini kama gharama, kikundini kama riziki. Wenzangu huniuliza waanzie wapi. Nawajibu: anza na taka mbichi, mengine yatafuata.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka kila taasisi, ya umma na ya binafsi, itenge taka zinazooza na zisizooza, na kuziweka katika vyombo vyenye maandishi na rangi za kuzitofautisha. Kisha Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa notisi ya siku 90: taka zinazooza zisitiwe tena kwenye mifuko ya plastiki ya kawaida, ila kwenye mifuko inayooza yenyewe. Mifuko hiyo ina bei, na wengi wetu tuliona mzigo mpya umetuangukia.

Kabla hujanunua chochote, pima. Chukua mizani ya kuning'iniza kama ya wauza samaki, upime taka za wiki nzima, mbichi peke yake na kavu peke yake. Hotelini utakuta uzito karibu wote uko kwenye mbichi: maganda ya ndizi na viazi, makombo ya wali, vichwa vya samaki, machicha ya nazi. Hizo ndizo zinazonuka, zinazovuta nzi na kumfanya mzoa taka apandishe bei. Tena ndizo zinazoharibu kavu, kwani katoni iliyomwagikiwa mchuzi hainunuliwi na mtu.

Mimi natumia ndoo za mafuta ya kupikia za lita 20, zenye kifuniko, bila mfuko ndani. Zinaoshwa kila jioni. Ndoo ikae pale pale mpishi anapomenyea na pale sahani zinapokung'utwa, si nje uani. Mtu mwenye sahani sita mkononi hatatembea hadi uani kuchagua pipa, hata umwandikie bango kubwa namna gani. Machicha na maganda yanachukuliwa na jirani mfuga kuku kila asubuhi, na mzigo wangu wa kulipia umepungua sana. Makumbi ya madafu yaanikwe kando. Ni mepesi yakikauka, lakini yanajaza pipa upesi, na mzoa taka anayetoza kwa pipa hataangalia uzito.

Upande wa kikundi ndio ulioniumiza moyo. Kanuni za taka zinataka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA. Ufuatiliaji ulipokazwa, baadhi ya hoteli na shule zilizokuwa zikitupatia chupa zilitufungia mlango kwa kuogopa faini. Wanakikundi wetu ni watu waliokuwa wakiokota chupa mitaroni na ufukweni kabla ya sheria ya 2022 kuandikwa. Kuwaacha nje wakati taka kavu imeanza kuthaminiwa ni dhuluma, na nasema hivyo kila ninapopewa nafasi kwenye vikao.

Tuliloliweza ni kugawana kazi. Kikundi hakisafirishi tena. Wanakikundi huja kwenye majengo ya mteja, wanachambua hapo hapo, na gari la mnunuzi mwenye leseni ndilo linalobeba. Chupa nyeupe zinatengwa na za rangi, kwa sababu nyeupe zina bei nzuri zaidi, katoni zinakunjwa na kufungwa kamba, makopo yanasuuzwa. Kila mzigo unapimwa mbele ya mwenye hoteli na kuandikwa kwenye kitabu cha risiti chenye nakala, moja ibaki kwake. Karatasi hiyo ndiyo iliyotufungulia tena milango, maana mkaguzi akija, mwenye hoteli ana cha kumwonyesha.

Kama wewe ni mwenye biashara, soma mkataba wa mzoa taka kabla ya kutia sahihi. Omba nakala ya leseni yake na uangalie tarehe ya kuisha. Uliza mbichi itabebwa siku zipi. Kwa joto letu, siku mbili ni nyingi. Uliza pia taka kavu ni mali ya nani. Mikataba mingine humpa mzoa taka kila kitu, nawe unamlipa abebe kitu atakachokwenda kukiuza. Andikeni wazi kwamba kavu inakwenda kwa kikundi fulani, na mbichi ndiyo inayolipiwa.

Sheria inadai pia mpango wa taka wa miaka 3 na ripoti ya kila mwaka kwa NEMA. Usitishwe na maneno hayo. Ule upimaji wa wiki moja na zile nakala za risiti ndizo kiini cha mpango: unazalisha nini, kiasi gani, kinakwenda wapi, na utapunguza vipi.

Mwezi wa Ramadhani una ratiba yake. Mchana jiko liko kimya, na taka mbichi zote zinatoka baada ya futari na daku. Zungumza na mzoa taka mapema, kabla mwezi haujaandama, aje alfajiri badala ya jioni, na ukope ndoo mbili tatu za ziada.