NIKELI: NGUO YA CHUMA, ADUI WA NGOZI NYINGINE



Tazama usukani wa baiskeli mpya njiani kati ya Uvira na Kalundu. Unang'aa kama kioo. Mng'ao huo si wa chuma chenyewe: kimevikwa nikeli, na mara nyingi juu yake kromu nyembamba zaidi.

Nikeli ni nini?
Ni metali nyeupe, ngumu, isiyoliwa upesi na maji wala hewa. Madini yake yako hata kwa jirani zetu wa Burundi, huko Musongati. Kiwandani chuma husafishwa, hutiwa katika maji yenye chumvi ya nikeli, kisha umeme hupitishwa. Nikeli hujibandika juu yake, mara nyingi kwa unene wa mikroni 10 hadi 30. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita!

Nguo hiyo huzuia kutu. Lakini ikikwaruzwa mpaka chuma kionekane, maji hupenya, na kutu hutambaa chini yake. Basi usisugue baiskeli kwa mchanga wa ziwa. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, upake mafuta kidogo.

Hatari iko wapi?
Jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo. Ngozi za watu wengine huikataa: huwasha, huwa nyekundu, hutoa malengelenge madogo. Angalia masikio penye herini, mkono penye saa, tumbo penye chuma cha mkanda. Upele huweza kutokea siku 1 hadi 3 baada ya kugusa. Hauambukizi, wala si uchawi. Lakini ngozi ikiisha kuikataa nikeli, kwa kawaida huikataa maisha yote.

Fanya hivi:
1. Vua kitu hicho. Dawa bila kukivua haisaidii.
2. Tumia mkanda wa saa wa ngozi au wa plastiki.
3. Usimtoboe mtoto masikio kwa herini za rangi ya fedha usizozijua.
4. Usichomelee wala kusaga chuma chenye nikeli bila barakoa ya kazi na hewa ya kutosha. Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba misombo ya nikeli husababisha saratani kwa binadamu ikivutwa.
5. Upele ukitoa maji au usaha, nenda kwa mganga mapema.

Chuma kilichochubuka fundi atakivika tena. Ngozi yako haina fundi wa namna hiyo. Itunze!