SOMO LETU: KOMPYUTA YA TAWI INAPOKUWA BUBU



Siku hizi vikao vingine vya nidhamu hufanywa kwa kompyuta. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kazi kwa kosa, na mfanyakazi anayo haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Lakini mtetezi asiyesikia atatetea nini? Ndiyo sababu sisi wa Port Bell tunaleta somo hili.

Draiva ni nini?

Draiva ni programu ndogo inayounganisha kompyuta na kifaa chake, kama vile spika. Tunaofanya kazi gatini tunajua jinsi mabehewa yanavyoingia kwenye feri. Reli ya gati na reli ya feri zisipokutana sawasawa, behewa halipiti, ingawa behewa ni zima na feri ni nzima. Vivyo hivyo, Windows ikileta draiva mpya isiyopatana na kompyuta yako, sauti hukatika. Spika haijafa. Usikimbilie kununua nyingine.

Hatua za kufuata

1. Bonyeza alama ya spika chini kulia. Hakikisha sauti haikuzimwa, na kwamba imeelekezwa kwenye spika, si kwenye skrini ya nje.

2. Izime na kuiwasha kwa "Restart". "Shut down" mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali ya zamani. "Restart" huanza upya kabisa.

3. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, chagua "Device Manager", kisha "Sound, video and game controllers". Andika daftarini jina la kifaa cha sauti. Kifungue, ingia "Driver", bonyeza "Roll Back Driver". Hii hurudisha draiva ya zamani.

4. Maandishi hayo yakiwa yamefifia, draiva ya zamani haipo. Bonyeza "Update Driver", kataa kutafutiwa, chagua mwenyewe katika orodha "High Definition Audio Device". Hii ni draiva ya kawaida ya Windows. Kisha "Restart".

5. Sauti ikirudi, nenda "Windows Update" usimamishe masasisho kwa muda, draiva mbovu isirudi kesho. Usiyasimamishe daima, kwa maana ndani yake mna kinga ya usalama.

Kikao kikiwa karibu

Tumia spika za masikioni za USB. Hizo zina kifaa chao cha sauti, kwa hiyo mara nyingi husikika hata draiva ya ndani ikiharibika. Zile za waya wa tundu la duara hutegemea draiva ile ile.

Tahadhari

Draiva ipatikane kwa mtengenezaji wa kompyuta tu, kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini yake. Na fundi akisema lazima afute kila kitu, mzuieni kwanza. Nakilini daftari la wanachama na hesabu za michango mahali pengine. Sauti hurudi, kumbukumbu zilizofutwa huenda zisirudi.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini spika nzima inaweza kunyamaza?
2. Nani, mbali na katibu, anaweza kufuata hatua hizi?
3. Nakala ya daftari la wanachama wetu iko wapi leo?

Jaribuni kompyuta siku moja kabla ya kikao, si saa ile ile.