SOMO: KURA YA MAKISIO NA WAJIBU WA KUHUDHURIA

Mwanachama asiyehudhuria mkutano mkuu hudhani kuwa hakuamua lolote. Kumbe ameamua: amewaachia waliofika wamwamulie. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2022 huko Croydon, mji mdogo wa wakazi wapatao 800 katika jimbo la New Hampshire, Marekani.

Katika miji mingi ya jimbo hilo wananchi wenyewe hupigia kura fedha za shule zao. Bodi ya shule huandaa makisio ya mwaka na kuyaleta mbele ya wapiga kura. Hata bodi ikiisha kuafikiana na chama cha walimu juu ya mkataba wa mishahara, gharama zake sharti ziidhinishwe na wapiga kura. Kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya ardhi na majengo, kura hiyo moja hugusa elimu ya mtoto na mfuko wa mwenye nyumba.

Mwezi Machi 2022 bodi ya Croydon ilileta makisio ya dola milioni 1.7. Mkazi mmoja akatoa hoja yapunguzwe hadi dola 800,000. Hoja ikapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Hivyo watu 20 kati ya 34 waliopiga kura walikata zaidi ya nusu ya fedha za shule za mji mzima, na hakuna sheria iliyovunjwa. Mtoa hoja alitumia haki yake. Wengi hawakuitumia yao.

Waliobaki majumbani walishtuka, wakakusanya sahihi kudai mkutano maalumu. Safari hii sharti lilikuwa zito: uamuzi usingekuwa halali bila kura za angalau nusu ya wapiga kura walioandikishwa. Tarehe 7 Mei wananchi walifurika, na makisio ya awali yakarudishwa kwa kura 377 dhidi ya 2. Wengi walikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana mwezi Machi ni mahudhurio.

Vyama vya msingi vina mafunzo matatu hapa. Kwanza, akidi ilinde chama: ikiwa ndogo mno, wachache hutawala; ikiwa kubwa mno, kazi hukwama. Pili, katibu awafikishie wanachama ajenda na makisio mapema, wapate kuyatafakari kabla ya siku ya mkutano. Tatu, kila tarakimu ielezwe kwa kazi yake. Anayependekeza kupunguza fungu aulizwe ni huduma gani itakayosimama, na anayelitetea aeleze faida yake.

Maswali ya kujadiliwa:
1. Akidi ya chama chenu ni wanachama wangapi, na ni sehemu gani ya wanachama wote?
2. Katika mkutano mkuu uliopita, ni wangapi walioidhinisha makisio?
3. Je, wasiohudhuria walikuwa wamepata taarifa kwa wakati?