Herufi za Tabora: Maswali Kuhusu Kusaka Maneno ya Kiingereza

Mtoto amerudi na zoezi: tafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizi. Au mtu mzima yuko ndani ya basi la Nzega, simu mkononi, na mchezo wa maneno umemgomea. Maswali yao yanafanana, na jina la mji wetu linatosha kuyajibu karibu yote.

Kwa nini kamusi hainisaidii?

Kamusi hupangwa kwa herufi ya kwanza, na hiyo ndiyo usiyoijua. Unazo t, a, b, o, r na a ya pili. Ukizipanga kwa kila namna utapata mipangilio 360, na karibu yote ni makapi. Nani ataifungua kamusi mara 360?

Zoezi linataka nini hasa?

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, hata wazazi wanaojua Kiingereza vizuri. Kuna zoezi linalotaka maneno yaliyoundwa kwa herufi ulizopewa tu, si lazima zote. Tabora inakupa boat, yaani mashua, taro, magimbi, rota, orodha ya zamu, tabor, kingoma kidogo, na aorta, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ukitaka kuzimaliza herufi zote sita kuna rabato, kola pana ya mavazi ya kale, na abator, neno la kisheria. Usijilaumu kama hukuyajua. Waingereza wengi nao hawayajui.

Zoezi la pili hutaka herufi zote ziwemo ndani ya neno, na nyingine zikaribishwe. Hapo Tabora inanona: ongeza c upate acrobat, mwanasarakasi, ongeza t na i upate abattoir, machinjio, na laboratory, maabara, nayo imezibeba zote. Angalia a ziwe mbili. Neno abort lina moja tu, kwa hiyo linafaa zoezi la kwanza na linaanguka katika la pili.

Nikiwa na kalamu tu, nianzie wapi?

Anza kwa kuuvunja mstari. Ziandike herufi kwa duara, kwa sababu zikikaa ta-bo-ra jicho halitaona kingine. Sisi tumefundishwa kusoma kwa silabi, na neno letu huishia kwa irabu. Kiingereza hupenda kufungia kwa konsonanti. Basi weka t mwisho: boat, abort, acrobat. Weka r mwisho: boar, tabor, abator. Ukiwa na e na d, au i, n na g, zitenge kando kwanza, maana maneno mengi mno huishia kwa ed na ing.

Halafu usitegemee sikio. Wenyeji husimulia kwamba jina la mji lilitokana na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Kama ni hivyo, l iligeuka r njiani na hakuna aliyelalamika. Zoezi la herufi halina huruma hiyo. Aliyepewa r hawezi kuitumia kama l.

Je, jina la mahali ni jibu?

Kwa kawaida hapana. Tabora ni jina la pekee, linakataliwa. Lakini neno letu safari, ambalo si jina la mahali, linakubaliwa, maana siku hizi ni neno la Kiingereza kabisa. Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857 na kuuandika mji huu Kazeh, ni miongoni mwa waliolipeleka kwa wasomaji wa Kiingereza.

Programu za simu hujuaje upesi hivyo?

Ujanja wake unaweza kuufanya hata kwenye daftari. Panga herufi za kila neno kwa utaratibu wa alfabeti. Tabora inakuwa aabort, rabato nayo aabort, abator vilevile. Maneno ya herufi zile zile hukutana sehemu moja bila kutafutana. Kwa zoezi la pili, programu huhesabu tu kama kila herufi imetimia.

Tufanye mazoezi kwa miji gani?

Kwa zoezi la pili, fuata njia ya misafara na jirani zake. Urambo, kwa Mtemi Mirambo, inatoa tambour, ngoma tena, na marabou, yule korongo mwenye upara anayezurura majalalani. Nzega inatoa agonize na organize, ila hapo kuna mtego: Waingereza wengi huandika organise, na shule zetu hufuata mtindo huo, basi z inatoroka na jibu linakufa. Muulize mwalimu anatumia kamusi ipi kabla ya kugombana na mtoto.

Ujiji ndiyo kazi. Maneno ya Kiingereza yenye j mbili ni machache: jujube, tunda la mkunazi, lina j mbili lakini halina i, hajj vivyo hivyo. Jibu ni jiujitsu, mieleka ya Kijapani. Ukicheza Scrabble ya Kiingereza, kumbuka kwamba katika kete 100 za mchezo huo j ni moja tu. Utahitaji kete tupu isimame badala ya j ya pili.