Kuelea: Daraja Lililofunguka la Liwatoni

Mtahiniwa, hata kama unasomea Hanga, Namtumbo, mbali na bahari, swali la kuelea unaweza kulikuta katika sura hii.

Desemba 2020 lilizinduliwa Mombasa daraja la waenda kwa miguu kati ya Liwatoni na Likoni, kupunguza msongamano kwenye feri wakati wa korona. Tatizo ni kwamba lilikatiza njia ya meli za bandari ya Kilindini. Daraja lisilosogea lingepaswa kuinuliwa juu mno, na nani angepanda kilima hicho kwa miguu kila asubuhi? Basi likalazwa juu ya maboya, na sehemu yake ya kati ilikuwa ikisogezwa ili meli ipite. Uzito ulibebwa na maji, hivyo mashine haikunyanyua daraja. Ilishinda ukinzani wa maji, mkondo na upepo tu.

Mfano: Boya la umbo la kisanduku lina kitako cha m² 50. Watu 50 wakisimama juu yake, kila mmoja kg 82 pamoja na mzigo, litashuka kiasi gani? (Densiti ya maji ya bahari: kg 1,025 kwa m³.)

Tungamo = 50 × 82 = kg 4,100
Ujazo wa maji yaliyosukumwa = 4,100 ÷ 1,025 = m³ 4
Kina = 4 ÷ 50 = m 0.08, yaani sm 8

Wengi huandika 1,000 kwa mazoea na kupata sm 8.2. Hilo ni jibu la Mto Ruvuma, si la Kilindini.

Jaribu: Boya hilo lisishuke zaidi ya sm 20. Litabeba watu wangapi? (Jibu: 125)