"Kama Huna la Kuficha, Nionyeshe Simu"



Siku hizi ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha, sanduku la barua na daftari la madeni. Si ajabu basi kwamba wanandoa hubishana kuhusu nani aione. Mwezi huu tujifunze jambo moja: kabla ya kuijibu hoja ya mwenzako, tafuta dhana iliyojificha ndani yake.

Kila hoja ina sababu na hitimisho. Katikati huwa kuna jambo ambalo msemaji amelichukulia kuwa kweli bila kulitamka. Ili ulipate, jiulize: "Ni lipi lingine ambalo lazima liwe kweli ndipo hoja hii isimame?"

1. "Baba watoto, kama huna la kuficha, nipe namba ya siri ya simu yako."

Dhana iliyojificha ni kwamba mtu hafichi ila uovu wake. Lakini je, kama ndugu yake amemweleza ugonjwa wake kwa siri? Kama yeye ni mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo na anajua nani ameshindwa kutoa mchango? Siri hizo si zake kuzitoa. Kuna na dhana ya pili: kwamba kukagua huleta uaminifu. Ujumbe hufutika, na anayekagua leo atataka kukagua na kesho. Hata hivyo, mume asishangilie ushindi. Hoja ya mke ina kasoro, lakini hofu yake huenda ni ya kweli. Amwulize: "Mama watoto, ni nini kinachokutia wasiwasi?"

2. "Simu ni yangu, na mikopo yangu haikuhusu."

Dhana hapa ni kwamba deni humuumiza aliyekopa peke yake. Sivyo. Mkopo wa simu hulipwa kutoka mfuko ule ule wa karo na unga. Tena, baadhi ya wakopeshaji walikuwa na desturi ya kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa, hata Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 zikakataza jambo hilo. Deni "lisilokuhusu" liliweza kufika kwa mama mkwe kabla halijafika kwa mke!

3. "Katiba inanipa haki ya faragha."

Ni kweli. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na ndoa haiifuti. Lakini anayesema hivi amechukulia kwamba lile asiloweza kulazimishwa kulisema, basi hapaswi kulisema. Hayo ni mambo mawili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yenyewe haigusi matumizi ya taarifa yaliyo ya kibinafsi au ya nyumbani tu. Mahali hapo sheria inaponyamaza, upendo na ahadi mliyotoa altareni haviwezi kunyamaza. Ugonjwa unaoweza kumwambukiza mwenzako, au deni linaloweza kuuza shamba, usingoje kuulizwa.

Mazoezi ya nyumbani

Watoto wakishalala, ketini pamoja, simu zikiwa kando. Gawanyeni mambo katika mafungu matatu: yaliyo yetu sote, kama mapato, madeni na afya, yaliyo ya mtu mwingine aliyetuamini, na yaliyo ya moyo wa kila mmoja. La kwanza lisemwe, la pili lilindwe, la tatu lingojewe kwa subira. Kisha kila mmoja ataje hoja aliyoitumia katika ugomvi wa mwisho, na mwenzake amsaidie kutafuta dhana iliyojificha.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini anayevuliwa kwa nguvu hajajifunua, amedhalilishwa tu. Mungu azibariki nyumba zenu.