Somo katika Habari za Majini na Wenye Kudai Kuwatumikisha

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyemwumba mwanadamu kwa udongo na majini kwa ulimi wa moto, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad aliyetumwa kwa mataifa mawili hayo, yeye na ali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mkuyuni ni mji ulioko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika njia itokayo Morogoro kupitia Kiroka kwenda Matombo. Jina lake ni la mti, na mkuyu ni katika miti ambayo watu wengi, wa pwani na wa bara, hudhani kuwa ni maskani ya pepo. Kwa hiyo somo hili lina mahali pake hapo. Mtoto wa chuo akiisha kusoma Sura ya Jinni asubuhi, huenda jioni akapita chini ya mti ambao bibi yake amemkataza kuuelekezea kidole.

Tena siku hizi vijana wa skuli husoma vitabu vya hadithi vitokavyo Ulaya, na katika hivyo kimo kimoja cha Mwingereza Jonathan Stroud kiitwacho The Golem's Eye, kilichopigwa chapa mwaka 2004, nacho ni cha pili kumfuata The Amulet of Samarkand wa mwaka 2003. Humo mji wa London watawaliwa na wachawi. Wachawi hao wenyewe hawana uwezo wowote. Uwezo wao wote ni wa majini waliowafunga kwa duara zilizochorwa chini na maneno ya kuapiza. Kijana mmoja, Nathaniel, amepata cheo serikalini, na jini wake Bartimaeus humtumikia kwa chuki, akingojea siku bwana wake atakapokosea neno moja. Kila mchawi huficha jina alilozaliwa nalo, kwani jini akilijua aweza kumgeuzia adhabu. Daraja za viumbe hao zimeitwa jini, ifriti na maridi, na msomaji wa Kurani hana haja ya kuambiwa majina hayo yametoka wapi: ifriti yumo katika Sura ya Naml, na neno maridi limo katika Sura ya Saffat. Kisa chenyewe kimebuniwa, wala mtungaji wake hakudai kuwa ni kweli.

Lakini kijana akiisha kukisoma huuliza: Je, mtu aweza kumfunga jini akamtuma? Suala hili huulizwa pia na asiyejua kusoma hata harufu moja, naye huenda akauza migomba ya mama yake ili apate jawabu kwa mganga.

Jua basi, ewe msomaji, kuwa majini wapo. Mwenye kukanusha kuwapo kwao amekanusha Kurani, kwani sura nzima, ya 72, imeitwa kwa jina lao. Wamo Waislamu na wamo makafiri, nao wataulizwa siku ya Kiyama kama waulizwavyo watu. Lakini kuwapo kwa kitu si dalili ya kuwa mtu anakimiliki. Simba wapo katika nyika ya Mikumi, wala hapana mwenye akili aendaye kumwajiri simba amchungie mbuzi.

Aliyepewa kuwatumikisha ni Nabii Sulaiman, amani imshukie. Walimjengea, wakamzamia baharini, na wakaidi wao wakafungwa minyororo. Hayo hakuyapata kwa pete wala kwa duara wala kwa uvumba, kama wasemavyo wenye vilinge. Alimwomba Mola wake ufalme usiompasa mtu ye yote baada yake, akapewa. Dua hiyo imo katika Sura ya Sad. Na katika Sura ya Bakara Mwenyezi Mungu amemtakasa na uchawi, akaeleza kuwa waliokufuru ni mashetani waliowafundisha watu sihri, na ya kuwa wachawi hawawezi kumdhuru mtu ila kwa idhini yake Mola. Neno hilo la mwisho ndilo lililokusudiwa kumtuliza Mwislamu asilalapo usiku kwa hofu ya jirani.

Na dalili iliyo wazi zaidi imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Ifriti mmoja alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, usiku akiwa katika sala, ili amkatizie sala yake. Mwenyezi Mungu akampa Mtume nguvu juu yake. Akataka kumfunga katika nguzo ya msikiti ili watu wamwone asubuhi, kisha akakumbuka dua ya ndugu yake Sulaiman, akamwachilia. Tazama basi: Mtume alikuwa amekwisha mshika, naye akamwacha, kwa adabu ya dua ya Nabii mwenziwe. Leo aja mtu mwenye chupa mbili za marashi na kitambaa chekundu, asema anao saba nyumbani, na wa nane yuko safarini.

Mtu akisema: Je, hata kama hawamilikiwi, si wana elimu ya ghaibu, wakaulizwa aliyeiba au aliyeroga? Ajibiwe kwa kifo cha Sulaiman huyo huyo. Alikufa hali ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu mbele ya maiti wakidhani bwana wao anawatazama, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo naye akaanguka. Habari hiyo imo katika Sura ya Saba. Kila mtu wa Uluguru aliyejenga kwa miti aijua kazi ya mchwa. Basi waliokuwa hawajui kuwa aliyesimama mbele ya macho yao amekufa, watajuaje mbuzi wa fulani aliyepotea Jumanne yuko kwa nani? Na Mtume ameeleza namna kahini apatavyo kusema kweli mara moja: jini huiba neno moja la mbinguni, akalitia katika sikio la rafiki yake, nao wakalichanganya na uwongo mia. Watu hulikumbuka lile moja.

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa, na yafaa kusimama. Mgonjwa hufukizwa ubani, ngoma ikapigwa, akatikisika, na pepo akaulizwa: Wewe nani, na nani kakutuma? Ulimi wa mgonjwa ukataja jina. Kwa kawaida jina hilo ni la ajuza asiye na mtu, au mke mwenza, au shangazi aliyegombana nao juu ya shamba. Tangu siku ile mwanamke huyo hapewi moto wala chumvi, na katika nchi ya Tanzania wazee wengi wamepata kuuawa kwa maneno ya namna hii. Sheria ya serikali juu ya uchawi, iliyowekwa tangu mwaka 1928, imekataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Lakini sheria ya Mungu ilitangulia. Imam Shafii, Mungu amrehemu, amepokewa kuwa alisema mwenye kudai kuwa amewaona majini ushahidi wake haukubaliwi, isipokuwa awe Nabii, kwa kuwa Kurani imeeleza katika Sura ya Aaraf kwamba wao huwaona watu pahali ambapo watu hawawaoni. Ikiwa ushahidi wa mtu anayedai kumwona jini wakataliwa, wa jini mwenyewe wapokelewa wapi, na dini yake haijulikani, na uadilifu wake haujulikani, na hata kuwapo kwake katika mwili ule hakukuthibiti? Kadhi hawezi kumkata mtu kuku kwa ushahidi huo, seuze roho.

Nchi hii imekwisha kuonja ahadi za pepo. Katika pango la upande wa kusini wa milima hiyo hiyo ya Uluguru palikuwa na pepo aitwaye Kolelo, aliyesemwa kuwa ni nyoka mkubwa, na watu walitoka hata Uzaramo kwenda kumwomba mvua. Mwaka 1904, katika nchi ya Rufiji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisemwa kuwa ameshikwa na pepo aitwaye Hongo. Akawapa watu maji yaliyochanganywa na nafaka, wakaamini risasi za Wadachi zitageuka maji. Vita vikaanza Julai 1905, na yeye Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule. Watu waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, wamekadiriwa na Wadachi kuwa 75,000, na wengine wamesema hata 250,000 na zaidi. Haki yao ya kukataa kulimishwa pamba kwa kiboko haina shaka, wala mwandishi wa haki hawezi kuwacheka mashujaa. Ila dhuluma ilikuwa kweli, na maji yalikuwa maji.

Wafasiri wa Sura ya Jinni wametaja kuwa Waarabu wa Jahiliya walipolala bondeni safarini walijikinga kwa bwana wa bonde lile katika majini, na majini wakazidi kiburi. Tofauti ya mtu huyo na yule amwagaye pombe na unga chini ya mkuyu kabla hajafyeka shamba ni lugha tu.

Suala: Mgonjwa afanyweje?

Jawabu: Kwanza atazamwe kama mgonjwa. Mtoto anapopatwa na degedege, akakakamaa na macho yakageuka juu, wengi husema ni ndege mbaya amempitia, wakamkataza asipelekwe hospitali ati sindano itamwua. Waganga wa elimu wameeleza kuwa mara nyingi hiyo ni homa ya malaria iliyozidi, iliyopanda kichwani, na dawa yake ipo, na saa chache ndizo zitenganishazo uhai na kaburi. Wakati watu wakitafuta mbuzi mweusi asiye na doa, mtoto hufa. Mzazi aliyefanya hivyo kwa kutojua, Mungu ni Mwenye kusamehe. Lakini aliyekwisha kujua ana suala gumu mbele yake. Mtume ameamrisha kujitibu, akaeleza kuwa Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia na dawa. Na kifafa, na wazimu wa mzazi baada ya kujifungua, hukumu yake ni hiyo hiyo.

Pamoja na dawa, asomewe. Kusomea kwajuzu kwa sharti ambazo maulamaa wamezitaja: kuwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina yake na sifa zake, kwa lugha inayofahamika, na mtu aitakidi kuwa kisomo hakiponyi kwa nafsi yake bali Mungu ndiye aponyaye. Fatiha, Ayatul Kursi na Muawwidhatain zatosha, na mama wa mtoto aweza kuzisoma mwenyewe jikoni kwake bila kulipa senti. Ama kombe, yaani kuandika aya katika sahani safi kwa zafarani, ikaoshwa, maji yakanywewa, Imam Nawawi katika kitabu chake Tibyan amenakili kuwa Hasan Basri na Mujahid hawakuona ubaya, na Nakhai alichukia. Jambo lenye khilafu kama hili watu wasigombane kwalo. Lakini majina yasiyojulikana maana, na hesabu za miraba, na damu, na kiapo kwa mfalme fulani wa majini, hayo yametoka katika kisomo yakaingia katika sihri, na sihri ni haramu kwa ijmai, nayo imo katika yale madhambi saba ya kuangamiza. Mwenye kumwendea mtabiri akamwuliza jambo, imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa sala yake ya masiku arobaini haikubaliwi. Naye hulazimika kuzisali vile vile.

Suala: Je, kijana akatazwe kusoma kile kitabu cha Mwingereza?

Jawabu: Hadithi iliyobuniwa, ikisomwa kwa kujua kuwa imebuniwa, hukumu yake ni kama ya Alfu Lela Ulela, ambayo wazee wameicheka barazani miaka mingi. Humo pia mvuvi alivua chupa ya shaba yenye muhuri wa Sulaiman, akatoka ifriti ambaye kwanza alikuwa ameahidi kumtajirisha mwenye kumfungua, na alipokawia kufunguliwa akaapa kumwua. Ilioharamishwa ni kujifunza sihri na kuitenda. Basi akichora duara chini na kuyasema maapizo kwa mzaha, mwalimu amkataze, kama amkatazavyo kucheza na kisu kikali. Tena amwonyeshe jambo moja ambalo mtungaji amelisema vyema, ingawa si Mwislamu: jini wa hadithi ile hampendi bwana wake hata siku moja, na mabwana wale wote huishi kwa hofu ya kitu walichokiita wenyewe. Ama kuficha jina, kijana hana haja nako. Aitwe kwa jina lake na la baba yake, ajikinge kwa Mola wa watu anapolala, kisha azime taa.

Wallahu aalam.